Siku ya Tatu Mpe Jembe: Maoni juu ya Kitabu cha Didake

Methali yetu husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake haihitaji kufafanuliwa. Kumkirimu mgeni ni wajibu, lakini mgeni naye ana wajibu wa kutogeuka mzigo kwa mwenyeji wake. Wazee walioitunga methali hiyo hawakusoma Kigiriki. Hata hivyo kipo kitabu cha Kigiriki, kilichoandikwa na Wakristo wa mwanzo, chenye sheria inayokaribiana nayo mno, tena sheria hiyo haikuwekwa kwa wapita njia peke yao bali hata kwa mitume na manabii. Kitabu hicho huitwa Didake, yaani Mafundisho, na jina lake refu ni Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili. Ningependa tukitazame pamoja, ndugu msomaji, tukisifu panapostahili sifa na kukikosoa panapostahili kukosolewa, kwa maana kinatuambia jambo kubwa kuhusu imani ya watu wale wa kwanza na jinsi walivyoilinda.

Kwa karne nyingi kitabu hiki kilijulikana zaidi kwa jina. Eusebius wa Kaisaria, mwandishi wa historia ya Kanisa katika karne ya 4, alikitaja miongoni mwa vitabu visivyohesabiwa katika Agano Jipya. Athanasius, askofu wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367, naye alikiacha nje ya orodha ya vitabu vitakatifu, ila alikubali kwamba kinafaa kusomwa na wale wanaoanza kufundishwa dini. Baadaye kikatoweka. Mwaka 1873 kiongozi wa Kanisa la Kiorthodoksi la Kigiriki, Philotheos Bryennios, alikuwa akipekua maktaba ya monasteri moja mjini Konstantinopoli, ambao leo huitwa Istanbul. Humo alikuta kitabu kilichonakiliwa mwaka 1056 na karani aitwaye Leo, na ndani yake, pamoja na maandishi mengine ya kale, mlikuwamo Didake. Alikichapisha mwaka 1883. Tangu hapo wataalamu hawajaacha kubishana juu ya umri wake. Wengi hukadiria kwamba kiliandikwa kati ya mwisho wa karne ya 1 na mwanzo wa karne ya 2, na wengi huelekeza macho Siria kuwa ndiko kilikotoka.

Mimi si padri wala mchungaji, na sikusomea theolojia. Kazi yangu ya maisha ilikuwa kuwafundisha watu kufundisha. Basi nilipokisoma kitabu hiki kwa utulivu wa kustaafu, nilikitambua mara moja, kama fundi seremala anavyotambua randa hata akiikuta katika karakana ya watu wa mbali. Kila mwalimu anajua tofauti kati ya kitabu cha kiada na kiongozi cha mwalimu. Kitabu cha kiada kina somo lenyewe. Kiongozi cha mwalimu kinaeleza namna ya kuliendesha somo hilo: uanze na nini, ufanye nini vifaa vikikosekana, umpime mwanafunzi kwa njia gani. Kiongozi hakirudii yote yaliyomo katika kitabu cha kiada, kwa kuwa kinachukulia kwamba mwalimu tayari anacho. Kwa maoni yangu Didake ni kiongozi cha mwalimu, na makosa mengi katika kukisoma hutokana na kukidhania kuwa kitabu cha kiada.

Hebu tuone mpangilio wake. Kina sura 16 fupi, na urefu wake wote ni karibu sawa na ule wa waraka wa Paulo kwa Wagalatia. Sura 6 za kwanza zinafundisha njia mbili, ya uzima na ya mauti. Hapo mwanafunzi anaelezwa ampende Mungu na jirani, asiue, asiibe, asitoe mimba wala kuua mtoto mchanga, asiwe na ndimi mbili, asimfukuze mhitaji. Somo hili la njia mbili halikuanzia kwa Wakristo. Waraka uitwao wa Barnaba unalo pia, na hati zilizoanza kuvumbuliwa mwaka 1947 katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, zina kanuni ya jumuiya ya Kiyahudi inayofundisha juu ya roho mbili na njia zake kwa mtindo unaofanana sana. Maana yake ni kwamba Wakristo wa kwanza walilichota somo lao la maadili katika kisima cha Wayahudi, wakaongeza ndani yake maneno ya Yesu ya kumpenda adui na kugeuza shavu la pili. Anayetaka kuelewa chimbuko la Ukristo aanze hapo. Ulizaliwa katika nyumba ya Kiyahudi na ulijifunza kuongea humo.

Baada ya maadili ndipo huja ubatizo, na hapa mwalimu mzoefu hujitokeza waziwazi. Kitabu kinataka mtu abatizwe katika maji yanayotiririka, kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Kama hayapo, yatumike maji mengine. Kama maji baridi hayawezekani, yawe ya moto. Kama hata hayo hayatoshi, amiminiwe kichwani mara tatu. Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha katika shule isiyo na maabara ataipenda aya hiyo. Inajua lililo bora, lakini haikubali somo life kwa sababu ya kukosa vifaa. Siku hizi madhehebu yanayogombana juu ya kiasi cha maji huichukua aya hii, kila upande ukakata nusu yake. Mmoja huonyesha mto, mwingine huonyesha mtungi. Mwandishi mwenyewe alivitaja vyote viwili, tena kwa utaratibu.

Kisha linafuata suala la kufunga na kusali. Wakristo wafunge Jumatano na Ijumaa, na sala ya Bwana isaliwe mara tatu kwa siku. Halafu zinakuja sala za kushukuru juu ya kikombe na mkate, na hapa ndipo penye fumbo kubwa la kitabu. Sala hizo zinaanza na kikombe, ndipo uje mkate. Zinamtaja Yesu kuwa mtumishi wa Mungu, zinataja mzabibu wa Daudi, na zinaomba Kanisa likusanywe kutoka miisho ya dunia kama ngano iliyokuwa imetawanyika milimani ikawa mkate mmoja. Mwishoni limo neno maranatha, la Kiaramu, lugha aliyoizungumza Yesu, likiwa ni kumwita Bwana aje. Lakini katika sala hizo hakuna hata neno moja juu ya mwili uliotolewa wala damu iliyomwagika. Tena katika kitabu chote msalaba hausimuliwi, na kufufuka kwa Yesu siku ya tatu hakusimuliwi.

Wako waliorukia ukimya huo kwa furaha. Husema: mnaona, Wakristo wa kwanza walikuwa watu wa maadili tu, na habari za kifo chenye kuokoa zilibuniwa baadaye na Paulo. Hoja hiyo inavutia, lakini haisimami. Barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho iliandikwa katikati ya miaka ya 50, yaani kabla ya Didake kwa hesabu ya wengi. Humo Paulo anaeleza kwamba habari ya Kristo kufa, kuzikwa na kufufuka ni jambo alilolipokea yeye mwenyewe kutoka kwa waliomtangulia, naye akalikabidhi kwa wengine. Kwa hiyo imani hiyo ilikuwapo na ilikwisha kufundishwa kwa maneno yaliyopangwa kabla Didake haijaandikwa. Isitoshe, Didake yenyewe hurejea zaidi ya mara moja kwenye Injili kama kitu ambacho wasomaji wanacho. Inapofundisha sala ya Bwana, inasema ndivyo Bwana alivyoagiza katika Injili yake. Huo ndio mtindo wa kiongozi cha mwalimu: kinamwambia mwalimu arejee kwenye kitabu cha kiada. Mtu akiokota kiongozi cha mwalimu cha hisabati kisicho na jedwali la kuzidisha, hawezi kudai kwamba shule ile haikujua kuzidisha.

Kwa upande mwingine, ni haki kuukubali ukimya huo kama ushahidi wa jambo fulani. Unaonyesha kwamba sala za meza ya Bwana hazikuwa za namna moja kila mahali, na kwamba jumuiya za mwanzo zilikuwa na uhuru ambao baadaye ulipungua. Kitabu chenyewe kinawaruhusu manabii washukuru kwa maneno wanayotaka. Ungamo la imani linalosomwa kwa pamoja makanisani, ambalo mizizi yake ni mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, lilikuwa bado mbali. Mtu akidai kwamba Ukristo ulikuwa na utaratibu mmoja tangu siku ya kwanza, Didake haitamuunga mkono.

Twaweza pia kumsikiliza shahidi wa nje. Karibu mwaka 112 Plinius, gavana wa Kirumi katika jimbo la Bithinia, alimwandikia Kaisari Trajan juu ya Wakristo aliokuwa akiwahoji. Alimweleza kwamba walikutana kabla ya mapambazuko katika siku maalumu, wakamwimbia Kristo kama wamwimbiavyo mungu, wakajifunga kwa kiapo wasiibe, wasizini, wasivunje ahadi wala kukana amana, kisha wakala chakula cha kawaida pamoja. Aliwatesa wanawake wawili watumwa, waliokuwa na cheo cha huduma katika jumuiya yao, ili apate ukweli. Ukiilinganisha barua hiyo na Didake utaona mambo mawili yakienda sambamba: heshima ya kiungu kwa Kristo, na ahadi ya mwenendo. Gavana aliyekuwa akitafuta uhalifu alikuta watu waliokatazana wizi.

Sasa tufike penye moyo wa kitabu, nako ni sura ya 11 hadi ya 13. Makanisa yale yalikuwa madogo, yametawanyika, na yalitembelewa na wahubiri waliosafiri. Hapakuwa na simu ya kuulizia wala makao makuu ya kutoa vitambulisho. Mgeni alibisha hodi, akasema ametumwa na Bwana. Ungemjuaje? Didake inajibu kwa masharti ambayo hata mtoto angeweza kuyatumia. Mtume apokewe vizuri. Akae siku moja, na ikilazimu siku mbili. Akikaa tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha alalapo. Akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Nabii akiagiza karamu akiwa katika Roho, kisha akaila mwenyewe, ni wa uongo. Akifundisha kweli asiyoitenda, ni wa uongo. Akisema katika Roho kwamba apewe fedha, asisikilizwe, isipokuwa awe anawaombea wengine wenye shida.

Wapita njia wa kawaida nao wana sheria yao, na ndiyo inayonikumbusha ile methali. Wasaidiwe, lakini wasizidishe siku mbili au tatu. Atakaye kuhamia, na ana ufundi, afanye kazi na kula. Kama hana ufundi, jumuiya ikae ifikirie jinsi ya kumsaidia, ili pasiwe na Mkristo anayekaa bure kati yao. Akikataa mpango huo, kitabu kinampa jina ambalo laonekana kuwa limetungwa kwa ajili ya watu wa namna yake, jina ambalo kwa Kiswahili tungelisema mchuuzi wa Kristo. Tazama busara iliyomo. Jukumu la kwanza limewekwa juu ya wenyeji, wamtafutie mgeni njia ya kuishi. Anahukumiwa baada tu ya kuonyeshwa jembe na kulikataa.

Wala mtu asidhani kwamba kitabu hiki kinachukia watumishi wa dini. Nabii wa kweli akitaka kutulia mahali, anastahili chakula chake. Apewe malimbuko ya shinikizo la divai na ya sakafu ya kupuria, ya mifugo, mafuta, mavazi na hata fedha. Kama jumuiya haina nabii, malimbuko hayo wapewe maskini. Maaskofu na mashemasi wachaguliwe na watu wenyewe, nao wawe wapole na wasiopenda fedha. Tena mtoaji wa sadaka anashauriwa asiwe na haraka ya kufumbua kiganja kabla hajajua anampa nani.

Kwamba sheria hizi zilihitajika tunalijua kutoka kwa mtu aliyewacheka Wakristo. Lucian wa Samosata, mwandishi wa dhihaka kutoka Siria katika karne ya 2, aliandika habari za mtu aitwaye Peregrinus, aliyejichoma moto huko Olimpia mwaka 165. Kwa maelezo ya Lucian, mtu huyo aliwahi kuwa kiongozi kati ya Wakristo, na alipofungwa gerezani wakamletea chakula na fedha hata akajipatia kipato kizuri. Lucian aliwaona Wakristo kuwa watu wema wasio na hadhari, ambao tapeli yeyote angetajirika kwao upesi. Didake ni jibu la Wakristo waliojua hatari hiyo na hawakutaka kuacha wema wao kwa sababu yake.

Je, mambo haya ni ya kale tu? Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu nchini Uganda, mamia ya waumini waliangamia kwa moto katika jengo lao la ibada, wakiwa wamefundishwa kwamba mwisho wa dunia umefika. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao, kwa maelezo ya walionusurika na wachunguzi, walishawishiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Wengi wa waliozikwa mle walikuwa watoto. Ninapoisoma Didake baada ya habari hizo, naona imekataza kwa vitendo karibu kila hatua ya njia ile. Inamngoja Bwana kwa hamu, na sura yake ya mwisho yote ni juu ya kukesha. Lakini kufunga kwake ni siku 2 kwa juma, na kwa anayejiandaa kubatizwa ni siku moja au mbili, kisha watu wanakula, wanashukuru, wanarudi kazini. Tena sura hiyo ya mwisho inaonya kwamba siku za mwisho manabii wa uongo wataongezeka. Watu walioamini kwamba mwisho u karibu ndio hao hao waliotaka kila mgeni awe na kazi ya mikono.

Nimekisifu vya kutosha, na sasa nikikosoe. Kwanza, kinasema kwamba nabii anenaye katika Roho asijaribiwe wala kuhukumiwa, na kwamba kufanya hivyo ni dhambi isiyosameheka. Hapa mwandishi amefungua dirisha baada ya kufunga mlango. Kila mlaghai hujua kusema kwamba anayemuuliza swali anampinga Mungu. Ni kweli kwamba sentensi inayofuata inajaribu kuziba ufa huo, kwa kusema si kila anenaye katika Roho ni nabii bali yule mwenye mwenendo wa Bwana. Lakini mwanafunzi aliyekwisha kutishwa na sentensi ya kwanza huenda asithubutu kuitumia ya pili. Maneno yakiachwa bila kuguswa na mwenendo peke yake ndio upimwe, mwenendo mbaya hujulikana mali ikiwa imekwisha kwenda, na pengine watu nao wamekwisha kufa.

Pili, kinawaita wanafiki wale wanaofunga Jumatatu na Alhamisi, yaani siku za kufunga za Wayahudi wacha Mungu. Ajabu ni kwamba kitabu kilichoazima maadili yake yote ya msingi kutoka kwa Wayahudi kinajitenga nao kwa kubadili siku, na kinasindikiza mabadiliko hayo kwa tusi. Kuchagua siku nyingine si kosa. Kosa ni kumtukana mwalimu wako siku unapotoka darasani kwake. Historia iliyofuata kati ya Wakristo na Wayahudi imetufundisha matusi ya namna hiyo huzaa nini.

Tatu, kinamwambia bwana asimwamuru mtumwa wake kwa uchungu, kisha kinamwambia mtumwa amtii bwana wake kama mfano wa Mungu. Nusu ya kwanza ina huruma. Nusu ya pili inauma, hasa kwetu sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka ule ule wa 1873 Bryennios alipokikuta kitabu hiki, soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa, na siku ya Krismasi ya mwaka huo likawekwa pale jiwe la msingi la kanisa. Nimesimama katika kanisa hilo nikawaza kwamba ingalikuwa aibu kama ukurasa ule wa Didake ungalisomwa mbele ya waliouzwa pale. Watu walioweza kuona kwamba mhubiri asiyetaka kufanya kazi anawanyonya wenzake, hawakuona kwamba bwana wa watumwa anafanya lile lile kwa kiwango kikubwa zaidi.

Kwa nini basi kitabu kilisahauliwa? Hakikuchomwa wala kufichwa. Katika karne ya 4, huko huko upande wa Siria, kiliingizwa na kupanuliwa ndani ya kitabu kikubwa zaidi cha taratibu za Kanisa, na hivyo ndivyo viongozi vya walimu vinavyokufa: kinatoka kipya, cha zamani kinabaki kabatini. Maaskofu waliokaa mahali pamoja walichukua nafasi ya manabii waliotembea, na sheria ya siku mbili ikaonekana haina wa kumhusu.

Wahubiri wanaosafiri wamerudi, wengine kwa ndege, wengine kwa redio na simu za mkononi, nao hawahitaji hata kulala kwetu ili watuombe fedha. Kwa hiyo nashauri kitabu hiki kisomwe, na kisomwe pamoja na Injili kinayoitegemea, si badala yake. Msomaji atakuta humo Wakristo waliomwita Bwana wao kwa Kiaramu, waliogawana mkate, na ambao hawakuona aibu kumhesabia mtume siku zake. Hawakufikiri kwamba kuhesabu huko ni upungufu wa imani. Walikuandika katika mafundisho yao, karibu na sala zao.